Picha za Kupamba Zisitoke Nje: Kupanga Harusi na Kugawa Picha kwa Programu Huria

Kabla hujagusa kompyuta, kaa na mama wa bibi harusi umwulize picha zipi zionekane na nani. Usimwulize bibi harusi peke yake. Yeye atakubali lolote ili mazungumzo yaishe arudi kwa mtu wa hina. Muulize mamake, na shangazi mkubwa awepo, kwa sababu majibu yao ndiyo yatakayoamua ununue kifaa gani, uweke programu gani, na uiweke wapi.

Mimi nakaa Kibokoni, Mombasa, na kazi yangu ni kompyuta, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Tangu harusi ya mdogo wangu nimekuwa wa kuitwa kila nyumba yenye shughuli ikitaka "kile kitu chako cha picha". Nakieleza hapa chote ili niitwe kula biriani tu.

Harusi zetu zina nyuso mbili. Nikah ni ya wanaume, msikitini, kila mtu na simu yake, na picha zishafika Maskati kabla halua haijaisha. Hakuna neno. Kupamba ni jambo jingine: ukumbi mzima ni wanawake, mabuibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa, bibi harusi yuko jukwaani. Familia nyingi hukusanya simu mlangoni, na mpiga picha huwa mwanamke. Halafu, baada ya uangalifu wote huo, mtu huzipakia picha kwenye huduma ya bure mtandaoni, anatuma linki kwa dada zake, na linki inatembea. Khala yangu alisema siku moja, "Mwanangu, mimi sitaki uso wa binti yangu ukae kwenye simu ya mwanamume nisiyemjua." Hilo ndilo tunalolitatua. Programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, inatufaa kwa sababu unaweza kuiendesha kwenye mashine yako mwenyewe, na mashine yako waweza kuifungia kabatini.

Orodha ya wageni

Programu huria za kupanga harusi zipo, na nyingi zimejengwa kwa harusi ya namna nyingine. Kila mgeni ana barua pepe, kila mgeni anajibu kama atakuja, kila mgeni ana kiti chenye jina lake. Kwetu nani anajibu? Mwanamke aliyetumwa kualika amepita nyumba kwa nyumba, Kibokoni, Kuze, hadi Bondeni. Amesimama mlangoni, ametaja siku na mahali, amekwenda zake. Mwenye nyumba atakuja na binti zake, na mkwewe, na jirani aliyekuwa amekaa ukumbini mwaliko ulipopita.

Kwa hiyo tumia LibreOffice Calc, programu huria ya majedwali, uache mengine. Mstari mmoja uwe nyumba moja, si mtu mmoja. Safu ziwe jina la mwenye nyumba, mtaa, simu, upande wa bibi au wa bwana, na nani aliyepeleka mwaliko. Kisha weka safu ya idadi kwa kila shughuli: nikah, chakula cha mchana, kupamba. Safu ya aliyepeleka mwaliko usiidharau. Mtu akilalamika kwamba hakualikwa, utajua wa kuulizwa ni nani.

Hesabu ya chakula ni kwa sinia. Sisi hukalisha watu watano kwa sinia, kwa hiyo kama idadi ya chakula cha mchana iko safu ya G, chini yake andika:

=ROUNDUP(SUM(G2:G180)/5)

Jumlisha watu wote kwanza ndipo ugawanye. Ukigawanya nyumba moja moja na kuzungusha juu kila mara, utaletewa sinia nyingi kuliko makundi ya watu. Mpishi mpe idadi ya watu, kilo za mchele anazijua yeye.

Karatasi ya pili kwenye faili hiyohiyo ni ya michango: jina, kiasi, tarehe, na ule msimbo wa M-Pesa unaokuja kwenye ujumbe. Msimbo ukiwa umeandikwa, ubishi wa nani alitoa na nani hakutoa hauanzi. Unapohifadhi faili, chagua ihifadhiwe kwa neno la siri, maana LibreOffice huifunga kwelikweli asiyelijua asiweze kuisoma. Mkono wa kuandika uwe mmoja. Wengine wape karatasi iliyochapishwa na kalamu, wakuletee masahihisho. Nimeona kamati zikihangaika na faili ya kuandikwa na watu sita kwa pamoja, na kila jioni kuna nyumba imepotea.

Mahali pawili pa picha

Programu ninayoitumia kwa picha ni Immich. Ilianza 2022, ni huria kwa leseni ya AGPL, na Oktoba 2025 ilitoa toleo la pili, ambalo wenyewe walilitangaza kuwa imara. Ukiifungua inafanana na albamu za simu ambazo kila mtu ameshazizoea, na hiyo ni nusu ya kazi, kwa sababu hutamfundisha mtu. Piwigo ni kongwe zaidi na nyepesi kwa mashine dhaifu. Nextcloud nayo ina folda ya kupokea tu, anayepakia haoni kilichomo. Zote mbili ni nzuri. Kwa harusi nabaki na Immich.

Iweke mara mbili, katika mashine mbili zisizojuana. Moja ni seva ya kukodi mtandaoni, kwa ajili ya nikah, chakula cha wanaume, kirumbizi (ile ngoma ya fimbo), na jamaa walio Maskati, Dubai na London. Ya pili ni laptopu ya nyumbani isiyounganishwa na intaneti kabisa, na hii ndiyo ya kupamba. Usijaribu kuokoa fedha kwa kuweka albamu mbili katika seva moja ukitegemea neno la siri. Itatosha mtu mmoja mwenye haraka kubonyeza albamu isiyo yake.

Laptopu ya kupamba

Laptopu ya mtumba inatosha, mradi iwe na RAM ya GB 8 na diski nzima, haina ufa wala mlio. Betri yake iwe hai, kwani stima ikipotea usiku wewe utaendelea. Weka Debian au Ubuntu, mifumo huria ya kuendeshea kompyuta, na wakati wa kusakinisha kubali diski ifungwe kwa neno la siri. Hatua hii usiiruke hata ukiwa na haraka. Hatari kubwa ya picha hizi kutoka si mdukuzi wa Urusi. Laptopu itaharibika kioo mwakani, kaka mtu ataibeba kwa fundi bila kuuliza, na fundi atakuwa na diski iliyo wazi mbele yake. Ikiwa imefungwa, atabadilisha kioo na kurudisha. Neno la siri liwe kwa watu wawili, bibi harusi na mmoja anayemwamini, na lisiandikwe kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya laptopu yenyewe.

Ukiwa bado na intaneti, sakinisha Docker, programu inayoendesha programu nyingine pamoja na vyote zinavyohitaji, kisha andika haya kwenye terminali:

mkdir immich-app
cd immich-app
wget -O docker-compose.yml https://github.com/immich-app/immich/releases/latest/download/docker-compose.yml
wget -O .env https://github.com/immich-app/immich/releases/latest/download/example.env

Fungua faili ya .env. UPLOAD_LOCATION ndipo picha zitakapokaa, DB_DATA_LOCATION ndipo hifadhidata itakapokaa, na zote mbili ziwe kwenye diski ya laptopu yenyewe. DB_PASSWORD ibadilishe, utumie herufi na tarakimu tupu bila alama. Mstari wa TZ uuondolee alama ya reli (#) mbele yake na uandike TZ=Africa/Nairobi. Kisha:

sudo docker compose up -d

Subiri vipande vyote vishuke, halafu fungua http://localhost:2283 kwenye kivinjari. Mtu wa kwanza kujiandikisha ndiye msimamizi, kwa hiyo awe wewe.

Usikate intaneti bado. Immich hutambua nyuso na kutafuta picha kwa maneno, na kazi hiyo yote inafanyika ndani ya laptopu, haiendi popote. Lakini vielelezo, yaani modeli za akili bandia, vinavyofanya kazi hiyo hupakuliwa vinapotumika kwa mara ya kwanza. Pakia picha chache za kawaida zenye sura za watu, tafuta neno lolote, subiri mpaka nyuso zitokee. Ukishaona zimetokea, chomoa intaneti. Ukiichomoa mapema, utakaa na albamu isiyojua nani ni nani, na bibi harusi akitaka picha zote alizo na nyanya yake atazitafuta kwa macho.

Kama laptopu itakaa imefunikwa kabatini, fungua /etc/systemd/logind.conf, weka HandleLidSwitch=ignore, kisha uiwashe upya. Bila hivyo ukifunika kifuniko inalala na albamu inalala nayo.

Sasa tafuta rauta ya zamani, yoyote, isiyo na laini wala waya wa intaneti. Ipe jina na neno la siri jipya, na ndani ya mipangilio yake iambie laptopu ipewe anwani ileile kila siku, tuseme 192.168.1.50. Anayetaka kutazama anakuja nyumbani, anaunganisha simu kwenye waifai hiyo, anafungua http://192.168.1.50:2283. Simu itanung'unika kwamba hakuna intaneti na itataka kurudi kwenye bando. Mwambie abaki. Ndani ya Immich mfungulie kila mwanamke anayehusika akaunti yake, kisha mshirikishe albamu kwa jina. Linki ya wazi usitengeneze hata moja kwenye mashine hii. Anayeiona picha bado anaweza kuichukua kwenye simu yake, na hapo kinachobaki ni adabu, kwa hiyo toa akaunti kwa watu unaowajua.

Wazee wengi hawataki akaunti. Unganisha laptopu na televisheni kwa waya wa HDMI, tayarisha chai na mahamri, na uwe umeshaondoa picha ambazo bibi harusi amefumba macho. Khala zangu walikaa hadi adhuhuri.

Mpiga picha

Zungumza naye kabla ya kumlipa arubuni, na muandikiane. Kadi ya kamera inunue wewe. Anapiga kwa kadi yako, shughuli ikiisha anakukabidhi mkononi, na hakuna cha kumwomba afute. Kamera nyingi za kazi zina nafasi mbili za kadi na huandika kote kuwili kwa wakati mmoja. Mwombe kwa upole akufungulie kile kifuniko uone. Nimeshamfanyia hivyo dada mmoja wa Majengo na alicheka, akatoa ya pili mwenyewe.

Kufuta kadi kwa kamera hakufuti kitu kwa hakika. PhotoRec, ambayo nayo ni programu huria, hurudisha picha kutoka kadi iliyofutwa hivyo. Jifunze kuitumia, itakuokoa siku kadi itakapogoma, na ukishaona inavyofanya kazi hutaigawa kadi ya kupamba kwa mtu mwingine tena.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haigusi mambo ya mtu binafsi na nyumba yake, lakini mpiga picha anafanya biashara. Kuitumia sura ya mtu kujitangazia kazi kunataka ridhaa yake ya wazi. Liandike hilo kwenye makubaliano kwa sentensi moja. Na kabla ya kila kitu, mwambie aweke saa ya kamera sawa na ya simu yako, la sivyo bibi harusi ataonekana amefika jukwaani kabla hajapambwa.

Upande wa nikah

Hapa mambo ni mepesi. Kodi seva ndogo, chukua jina la tovuti, sakinisha Immich kwa hatua zilezile. Mbele yake weka Caddy, programu inayopokea wageni wa tovuti na kuwapeleka kwa Immich, ambayo hujitafutia cheti cha usalama kutoka Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, na kukihuisha bila kukusumbua. Faili yake nzima ni hii, ukiweka jina lako pahali pa mfano:

picha.mfano.co.ke {
  reverse_proxy localhost:2283
}

Utashawishika kutumia laptopu ya pili nyumbani badala ya kukodi. Shida ni kwamba intaneti nyingi za nyumbani hazikupi anwani yako peke yako, wateja wengi hugawana moja, kwa hiyo mtu wa Maskati hawezi kukufikia moja kwa moja. Njia za kuzunguka zipo, WireGuard, programu ya kuunganisha mashine kwa njia ya siri, ni mojawapo, ila bado utahitaji seva mahali fulani. Kodi tu, kwa miezi miwili.

Ndani ya mipangilio ya Immich andika jina la tovuti yako kama anwani ya nje, ili linki zitoke sahihi. Unda albamu, tengeneza linki ya kushirikisha, uwashe ruhusa ya wageni kupakia. Mgeni hahitaji akaunti. Weka neno la siri na tarehe ya mwisho. Linki isiyo na tarehe ya mwisho ni mlango wa uani ulioachwa wazi, hakuna anayekumbuka kuufunga.

Linki ndefu haichapwi kwa kidole na mtu mwenye mkono wa mafuta, kwa hiyo itie kwenye msimbo wa QR kwa programu ya qrencode:

qrencode -l H -s 12 -o kadi.png "https://picha.mfano.co.ke/share/..."

Ile H inaongeza uwezo wa msimbo kusomeka hata sehemu yake ikiharibika, kiasi cha asilimia 30. Kwenye meza ya biriani utaihitaji. Chapisha kadi, andika neno la siri chini yake, weka kadi moja kila mkeka wakati wa chakula. Msikitini usibandike kitu bila kumwuliza imamu, na kwa maoni yangu usiulize, subiri chakula.

Juu ya kadi andika pia "Picha tu, video nipe mkononi". Picha ya simu ni MB 3 hadi 5 hivi. Video ya 4K ya dakika moja yaweza kupita MB 150, na bando ni la mgeni. Wenye video za kirumbizi uwatafute wewe ukiwa na waya au fleshi, watakuletea wenyewe, wanapenda kusifiwa. Waombe pia wapakie kutoka simu iliyopiga. Picha iliyokwisha kupita WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa na imevuliwa tarehe yake, na Immich itaipanga pasipo pake.

Mteue kijana mmoja apitie albamu usiku uleule. Anatafuta jambo moja, mwanamke aliyepita nyuma ya picha bila kujua. Hiyo inaondolewa bila mjadala.

Wiki ya harusi na baada yake

Wiki ya harusi usisasishe programu yoyote. Katika .env kuna mstari wa IMMICH_VERSION. Uandikie namba kamili ya toleo lililokwisha kufanya kazi, uliache hapo. Jaribu kupakia kwa simu ya bei nafuu kabisa iliyomo nyumbani. Ikikubali hiyo, zote zitakubali.

Fungate ikiisha, nakili kila kitu kwenye diski mbili za nje, nazo zifungwe kwa neno la siri kama laptopu. Zima kwanza Immich ili hifadhidata isiwe inaandikwa wakati wa kunakili:

sudo docker compose stop
sudo rsync -a ~/immich-app/ /media/diski1/immich-app/
sudo docker compose start

Hiyo /media/diski1 ibadilishe iwe pale diski yako inapoonekana. Ukiwa uliacha njia za picha na hifadhidata kama zilivyokuja kwenye .env, zote zimo ndani ya folda hiyo moja. Ukizihamishia kwingine, nakili na huko. Diski moja ikae kwa mama wa bibi harusi, nyingine kwa bibi harusi mwenyewe huko alikoolewa. Zisikae nyumba moja, na zisiwe karibu na dirisha la baharini, chumvi ya hapa hula vyuma.

Linki ya nikah ikifika tarehe yake itajifunga. Pakua albamu yote uiingize kwenye laptopu ya nyumbani, hakiki idadi ya picha ni ileile pande zote mbili, kisha ingia kwa aliyekukodisha seva uifute kabisa. Kuizima tu hakutoshi, kwa wengi wao seva iliyozimwa huendelea kulipiwa.